Karatasi za Mwanangu

Mwanangu wa pili alihifadhi Juzuu Amma yote, sehemu ya mwisho ya Kurani yenye sura 37, kabla ya kutimiza miaka minane, na hakujua kusoma hata moja kati ya hizo. Aliyeligundua jambo hilo ni Maalim wake wa chuoni, yaani madrasa. Alimtaka asome Surat An-Naba kutoka msahafuni, naye akaisoma bila kosa, kidole kikifuata mistari; lakini Maalim alipomwonyesha katikati ya ukurasa na kumwambia aanzie hapo, mtoto alinyamaza, kisha akaanza kuipitia sura kimoyomoyo tangu mwanzo ili aone itamfikisha wapi. Siku hiyo hiyo, baada ya sala ya alasiri, Maalim alikuja hadi dakani petu hapa Langoni, mjini Lamu, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mama, mtoto huyu anasoma kwa masikio. Akili yake ni nzuri kuliko ya wengi nilio nao, lakini herufi hazimkai."

Ulikuwa mwaka 2019, naye alikuwa gredi ya pili. Ninayaandika haya kwa sababu kati ya siku ile na siku mwanangu alipoanza kusaidiwa shuleni ilipita miaka miwili na zaidi, na sehemu kubwa ya muda huo haikupotea kwa kukosekana kwa msaada, bali kwa mimi kutojua msaada uko wapi, unaombwa na nani na unaombwa kwa njia gani.

Dalili zilikuwa wazi kwa yeyote ambaye angezitazama. Madaftari yake ninayo hadi leo. Katika ukurasa mmoja ameandika "dada analima" chini ya picha ya mwanamume mwenye jembe, na alipoulizwa ameandika nini alisema "baba", maana kwake b na d ni umbo moja lililogeuka upande, kama vile chuoni herufi za ba, ta na tha zilivyokuwa machoni pake dau moja lenye nukta zinazohamahama. Kiswahili chetu kina huruma kwa msomaji, kwa kuwa kila sauti ina mwandiko wake usiobadilika na irabu ni tano tu. Kwa hiyo mtoto wa namna hii huweza kuliokota neno silabi kwa silabi na hatimaye akalipata, na watu wakaona tu kwamba ni mzito. Kiingereza hakina huruma hiyo, na kwa utaratibu wa elimu yetu ndicho kinachoshika masomo kuanzia gredi ya nne. Mzazi anayengoja mpaka hapo, akitumaini kwamba mtoto atakua na tatizo litakwisha lenyewe, anamngojea mwanawe kwenye mlima mkali zaidi.

Shuleni kwake wakati huo alichapwa, ingawa fimbo ilipigwa marufuku katika shule za Kenya tangu 2001. Na mimi pia nilimpiga. Nilimwita mvivu mbele ya ndugu zake, usiku, kibatari kikiwa katikati yetu na kitabu wazi magotini pake, huku yeye akiniangalia kwa macho ya mtu anayeulizwa jambo kwa lugha asiyoijua. Nimemwomba radhi zaidi ya mara moja. Ninalisema hapa kwa kuwa kila mama niliyekaa naye baadaye amenisimulia usiku kama huo, na karibu wote walidhani ni wao peke yao.

Bibi yake, mamangu mzazi, alimpeleka akaandikiwa kombe, yaani aya za Kurani zinazoandikwa sahanini kwa zafarani na kuoshwa kwa maji, akalinywa siku saba. Sina neno baya juu ya hilo. Mtoto alijua kwamba yupo mtu anayemtakia heri, na wakati ule hakuwa na wengi. Nilichokosea ni kuketi miezi minne nikingoja, kana kwamba dua na uchunguzi haviwezi kwenda pamoja.

Aliyeniamsha ni jirani yetu, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Bi Mwalimu. Katika miaka yake ya mwisho ya kazi alikuwa amesoma kwa njia ya masafa katika Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, ile KISE iliyoanzishwa mwaka 1986 na yenye makao yake Kasarani, Nairobi, na wakati wa likizo alikuwa akienda huko kwa masomo ya ana kwa ana. Nilikuwa nimeketi kwake nikishona kofia ya oda, machozi yakinitoka juu ya kitambaa, akaniuliza mtoto ananishinda nini. Nilipomaliza kueleza alisema, "Mwanangu, hilo lina jina, na kitu chenye jina kina njia."

Jina lenyewe ni disleksia, mojawapo ya matatizo yanayokusanywa chini ya istilahi ya ulemavu wa kujifunza. Bi Mwalimu alisisitiza tofauti ambayo sikuwahi kuisikia: ulemavu wa akili hugusa uelewa wa mtoto kwa jumla pamoja na namna anavyojimudu katika maisha ya kila siku, ilhali ulemavu wa kujifunza hugusa mlango fulani tu, kama kusoma, kuandika au hesabu, kwa mtoto ambaye katika mambo mengine ana akili ya kawaida au hata kuzidi. Alinisimulia kwamba mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14, mwerevu na mwepesi katika michezo, ambaye hakuweza kujifunza kusoma. Na mwalimu wa kijana huyo alikuwa amesema kwamba angekuwa hodari kuliko wote shuleni kama mafundisho yangetolewa kwa mdomo tu. Nilishtuka. Maalim wangu wa Lamu, ambaye hakuwahi kulisikia jina la daktari huyo, alikuwa ameniambia maneno yale yale dakani kwangu.

Akaniambia na jingine, ambalo limenifaa kuliko yote. Istilahi ya ulemavu wa kujifunza ilipata nguvu mwaka 1963, pale wazazi walipokutana mjini Chicago, nchini Marekani, na mwanasaikolojia Samuel Kirk akaitumia katika kuwaeleza hali ya watoto wao. Wazazi hao waliunda chama chao, na mwaka 1975 nchi yao ikapitisha sheria inayotaka kila mtoto mwenye ulemavu awe na mpango wake wa masomo na mzazi wake awepo mezani unapoandikwa. Mimi nilikuwa nikidhani kwamba mambo haya huanzia kwa madaktari na mawaziri, kisha yakashuka kwetu. Kumbe kule wazazi walikuwapo tangu mwanzo.

Hatua ya kwanza aliyonielekeza ilikuwa hospitali, kupima macho na masikio, kwa sababu mtoto asiyeona vizuri ubaoni au aliyewahi kuugua masikio mara kwa mara anaweza kuonekana na tatizo la kusoma ambalo chanzo chake ni kingine kabisa. Macho yalikuwa mazima, masikio pia. Niliomba majibu yaandikwe na kupigwa muhuri, na hiyo ndiyo iliyokuwa karatasi ya kwanza katika faili ambayo baadaye ilinenepa mpaka nikalazimika kuishonea mfuko wa turubai.

Hatua ya pili ni Kituo cha Tathmini na Nyenzo za Elimu, ambacho maofisa wengi hukitaja kwa herufi za EARC. Vituo hivi vilianza nchini mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na kazi yake ni kumchunguza mtoto mwenye shida ya kujifunza, kumshauri mzazi, na kuandika ripoti inayopendekeza asome wapi na asaidiwe vipi. Huhitaji kuwa na mtu unayemjua. Mzazi anaweza kwenda mwenyewe, au shule ikamtuma, na ikishindikana kujua kituo kiko wapi huulizwa katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Safari yangu ya kwanza, Februari 2020, haikuzaa matunda kwa sababu afisa alikuwa kazini visiwani. Sikumlaumu. Kaunti yetu imetawanyika juu ya maji, na anayetoka Faza au Kizingitini kuja mjini hupita mkondo wa Mkanda, ambao chombo huupita maji yakiwa yamejaa tu, kwa hiyo hata saa ya mtu kuondoka kwake huamuliwa na kujaa kwa maji. Niliambiwa nirudi mwezi wa Machi, na mwezi wa Machi shule zote nchini zikafungwa kwa ajili ya korona.

Mwaka ule wa kufungwa, ambao uliwarudisha nyuma watoto wengi, kwetu ulikuwa wa kujifunza bila aibu. Bi Mwalimu alinifundisha kwamba mtoto huyu anahitaji herufi iingie kwa njia nyingi pamoja: aione, aitamke, aiguse, aiandike kwa mkono mzima. Maji yakipwa tulikuwa tukienda ufukweni Shela na kuandika mchangani herufi kubwa kama jamvi, moja kwa siku, yeye akitembea juu yake huku akitoa sauti yake. Kwa b tulianza na mstari wa kusimama, tukauita mlingoti, kisha tanga upande wa kulia. Kwa d tulianza na tanga, mlingoti ukaja baadaye. Ilichukua wiki tano kwa herufi mbili hizo. Nasema wiki tano ili mama mwingine asikate tamaa katika wiki ya pili, kama ambavyo mimi nilikaribia kukata. Ami yake, ambaye ni fundi wa majahazi Matondoni, alimchongea herufi za mbao kutokana na vipande vya mkoko, akazipiga msasa mpaka zikawa laini, na hizo ndizo alizokuwa akilala nazo chini ya mto.

Tathmini ilifanyika mwaka 2021, baada ya shule kufunguliwa. Tulikwenda sote watatu, kwa kuwa baba yake alikuwa ametia nanga wiki ile. Afisa alimchukua mtoto taratibu. Alimpa maneno ya kusoma, yakiwamo yasiyo na maana yoyote, ili aone kama anaunganisha sauti au anakisia kwa kumbukumbu. Alimpa maumbo ya kunakili, akamsimulia kisa na kumtaka akisimulie tena, na mtoto akakisimulia kwa ukamilifu uliomfanya afisa aweke kalamu chini. Kisha akatugeukia sisi. Aliuliza juu ya mimba, uzazi, umri alioanza kutembea na kusema, magonjwa ya utotoni; halafu akauliza kama kuna mtu katika familia aliyewahi kupata shida ya kusoma, kwa sababu jambo hili aghalabu hufuata damu.

Nilifungua kinywa kusema hapana. Mume wangu akanitangulia. "Mimi," alisema. "Mimi pia hazikunikaa." Yeye ni nahodha, anajua kila mwamba na kila mkondo kutoka Manda hadi Kiwayu, usiku na mchana, kusi na kaskazi. Miaka 14 tuliyokuwa tumeoana, kila karatasi iliyoletwa nyumbani alinipa mimi niisome, akisema miwani ameiacha chomboni, na kila hati ya mzigo ilisomwa na baharia wake. Sikuwahi kuiona miwani hiyo. Alieleza yote hayo akiwa ameinamisha kichwa, mikono mikubwa ikiwa imeshikamana magotini, na mwanawe akimtazama. Nilitegemea kuona huzuni usoni mwa mtoto, lakini nilichokiona ni mtu aliyepata mwenzake. Tulipokuwa tukirudi alimshika babake mkono kutoka ofisini hadi Mkunguni, mbele ya watu, jambo ambalo alikuwa ameliacha tangu aanze shule.

Ripoti ilikuja baada ya wiki kadhaa, kurasa tatu. Ilisema kwamba mtoto ana ugumu mahususi katika kusoma na kuandika, kwamba uelewa wake wa kusikiliza uko juu ya rika lake, na kwamba anapendekezwa kubaki katika darasa la kawaida kwa kupewa usaidizi. Nilidhani kazi imekwisha. Nikaandika barua kwa shule, kurasa tatu nazo, nikimwaga kila lililonikereketa tangu gredi ya kwanza: fimbo, kicheko cha wenzake, maneno aliyoandikiwa daftarini. Barua hiyo haikujibiwa, na nilipokwenda kuulizia niliambiwa haikuonekana. Nilikuwa nimepeleka nakala moja tu, bila muhuri, na ndani yake hakukuwa na ombi hata moja ambalo mtu angeweza kulitekeleza kesho yake asubuhi.

Barua ya pili niliiandika na Bi Mwalimu akiwa pembeni. Ilikuwa nusu ukurasa, yenye tarehe, jina la mtoto na gredi yake, rejeleo la ripoti ya tathmini, na maombi matatu: asitakiwe kusoma kwa sauti mbele ya darasa isipokuwa amepewa aya hiyo siku moja kabla, katika majaribio ya masomo yasiyokuwa ya lugha asomewe maswali na asipunguziwe alama kwa makosa ya tahajia, na akae mbele, karibu na mwenzake atakayemsomea kilichoandikwa ubaoni. Tulitoa nakala mbili. Moja ikabaki shuleni, nyingine ikapigwa muhuri wa kupokelewa na kurudi nyumbani nasi. Tangu siku hiyo sijapeleka karatasi mahali popote bila nakala yenye muhuri, na kama kuna jambo moja ninalotaka mzazi mwenzangu alichukue kutoka kwangu, ni hilo.

Katika mkutano uliofuata tulikuwa wanne upande wetu: mimi, baba yake, Bi Mwalimu, na Maalim, aliyejitolea kuja mwenyewe. Nilipokwenda peke yangu mwanzoni nilisemeshwa kama mtu anayeomba hisani, na nusu ya niliyoambiwa niliisahau kabla ya kufika langoni. Safari hii Bi Mwalimu aliandika kila lililosemwa. Tulishauriwa tumhamishie mtoto katika shule yenye kitengo maalumu, na hapo ndipo ripoti ilipofanya kazi yake, kwa kuwa iliyatamka wazi maneno ya darasa la kawaida. Bi Mwalimu akaongezea sheria, kwa upole, kama anayemkumbusha mgeni saa ya sala: ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima, ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu iliyojumuishwa katika jamii, kwa kiasi kinachomfaa, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza adhabu ya kumdhalilisha mwanafunzi, iwe ya mwili au ya moyo. Sera ya serikali ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu nayo inaelekeza nchi kwenye elimu jumuishi. Hakupandisha sauti hata mara moja. Nimewaona wazazi wakiishika Katiba kama rungu, na ninaamini haihitaji kushikwa hivyo. Mtu akijua kwamba unaijua, mara nyingi hilo linatosha.

Mwalimu wa darasa alikuwa kimya muda wote, kisha akasema, "Nina watoto 63, Mama, na haya sikuyasomea." Ilikuwa kweli, na nilifurahi kwamba ameisema. Bi Mwalimu alikaa naye siku mbili baada ya masomo, wakaandika pamoja mpango wa elimu ya mwanafunzi binafsi, yaani karatasi inayoeleza mtoto anaweza nini sasa, anatarajiwa afikie nini kufikia mwisho wa muhula, nani atafanya nini, na lini watakaa tena kuupima. Kwetu mpango huu hutegemea sana utashi wa walimu, kwa hiyo mzazi asingoje kuletewa. Auulizie, aketi unapoandikwa, na achukue nakala. Mwalimu yule yule aliyesema hakuyasomea ndiye aliyeniita mwaka uliofuata kunionyesha watoto wengine wawili aliowagundua mwenyewe, na mmoja wao alikuwa na shida hiyo hiyo upande wa hesabu.

Si kila mlango niliobisha ulikuwa wangu. Nilipoteza muda nikifuatilia pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa sababu jirani mmoja aliniambia kila mtoto mwenye ulemavu hupata. Kumbe fungu la walemavu katika mpango huo ni la wenye ulemavu mkali wanaohitaji kuangaliwa saa zote, na mwanangu si mmoja wao. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ni jambo tofauti: kuipata kunahitaji mtu achunguzwe kwanza na madaktari wa hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, wanaojaza fomu, ndipo asajiliwe. Ripoti ya EARC peke yake haitoshi kwa kadi, na kadi si sharti la mtoto kusaidiwa darasani. Mambo haya mawili huchanganywa sana, na nimewaona wazazi wakiacha kuidai haki ya darasani kwa kuwa hawana kadi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu nayo imebadilika. Nafasi ya ile ya 2003 imeshikwa na mpya ya mwaka 2025, hivyo anayeshika nakala ya zamani atafute iliyopo sasa.

Ama mzazi ambaye mtoto wake anapigwa au anafukuzwa, na shule haisikii, asiishie hapo. Simu ya watoto ya 116 hupigwa bila malipo. Tume ya Haki ya Utawala, ambayo watu huiita Ofisi ya Ombudsman, hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma bila ada. Maofisa wa watoto wapo katika kaunti. Kote huko watakuuliza jambo moja kwanza: umeandika kwa nani, na nakala iko wapi.

Mwaka 2023 mwanangu alifanya mtihani wa gredi ya sita. Ombi la muda wa ziada kwa Baraza la Mitihani hupitia kwa mkuu wa shule, likiambatana na ripoti ya tathmini, na hupelekwa wakati wa kusajili watahiniwa, si wiki ya mtihani. Tulilianza mapema, likakubaliwa. Asubuhi ya siku ya kwanza alinibusu mkono, akaniambia, "Mama, leo sitakimbizwa." Alitumia muda wote aliopewa, mpaka dakika ya mwisho, na msimamizi alinieleza baadaye kwamba alikuwa akisoma kila swali mara mbili, kidole chini ya mstari, kama chuoni, tofauti ni kwamba sasa kidole na macho vilikuwa mahali pamoja. Bado husoma polepole. Pengine atasoma polepole maisha yake yote, na hilo halinitii uchungu tena.

Baada ya mkutano ule wa shule akina mama walianza kuja. Kwanza wanne, uani kwangu, Alhamisi baada ya alasiri, kila mmoja na kofia yake ya kushona au mkeka wake, maana mikono ikiwa na kazi ulimi huwa mwepesi zaidi kusema lililofichwa. Mmoja ana binti asiyeweza kutofautisha 6 na 9, mwingine ana mtoto mwenye ulemavu wa akili ambaye njia yake si kama ya mwanangu, na tulikubaliana tangu mwanzo kwamba hatutafananisha watoto. Tulifanya vitu vichache: kusindikizana kwenye mikutano ili hakuna anayekwenda peke yake, kila mmoja kuwa na faili yenye cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, majibu ya hospitali, madaftari yenye tarehe na barua zote, na kuchanga nauli ya boti kwa wanaotoka mbali. Tulipofika kumi tulijisajili chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, inayotaka idadi hiyo kwa uchache. Cheti hicho kimetusaidia kuliko nilivyotazamia, kwa kuwa barua yenye jina la kikundi hufika kwenye meza ambazo barua yangu peke yangu haikuzifikia. Tumeshaandika pia Nairobi, kwa Dyslexia Organisation Kenya, kuomba ushauri wa namna ya kuwafundisha walimu wa huku.

Wiki iliyopita alikuja mama kutoka Faza na mvulana wa miaka tisa. Alikuwa amengoja maji kujaa tangu alfajiri, naye alikuwa na mfuko wa nailoni wenye daftari moja na kadi ya kliniki iliyolowa pembe. Kabla sijamkaribisha vizuri alianza kueleza kwamba mtoto si mtukutu, si mvivu, kana kwamba mimi ndimi niliyemshitaki. Mwanangu, ambaye sasa yuko gredi ya nane, alikwenda chumbani akaleta zile herufi za mkoko, akaketi sakafuni na mtoto yule, akampa b ashike mkononi na kumuuliza mlingoti uko upande gani. Nasi watu wazima tukafungua daftari.

Barua ya kuomba tathmini yake tuliiandika hapo hapo, nusu ukurasa, na jana niliipeleka. Tumeomba pia afisa afike Faza mara moja kwa muhula, ili watoto wa kule wasisubiri maji kujaa ndipo waje kuchunguzwa. Nakala yenye muhuri nimeiweka kidakani pamoja na nyingine, na Jumatatu tutakwenda kuulizia jibu.